Blanketi Jekundu la Bwana Kiboko

Ko.

Sauti moja tu, usiku, kisha kimya.

Hiyo ilikuwa zamani za kale, wadogo zangu, zamani ambayo hata bibi zenu waliisikia kwa bibi zao, wakati wanyama walipopika uji, wakafagia nyua, na kuazimana chumvi kama sisi. Usiku huo Pimbi alikuwa amelala juu ya jabali lake. Mnamjua Pimbi. Ni mdogo kama sungura, mviringo kama kiazi, na nyuma hana mkia hata wa kusingiziwa. Masikio yake ni mafupi, lakini yanasikia.

Ko.

"Hilo si tunda," Pimbi alijiambia. "Tunda likianguka hutulia. Hiki kinaanguka, kinaokotwa, kinaanguka tena."

Akashuka jabalini, tepu tepu tepu, mpaka kwenye kijumba cha jirani yake Digidigi, yule paa mdogo kuliko wote, mwenye miguu kama vijiti. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, kwenye mwanga wa kibatari, Digidigi alikuwa amekaa mkekani, kibuyu kati ya magoti. Alikuwa amemwaga komwe, zile mbegu ngumu za kijivu tunazochezea bao, na sasa anazirudisha kibuyuni moja moja. Ko. Ko. Ubavuni pake alilala mtoto wake mchanga, amefunikwa shuka kuukuu yenye tundu katikati.

"Hodi, Mama Nani," Pimbi alinong'ona.

"Karibu, dada Pimbi. Nimekuamsha?"

Mtaniuliza kwa nini aliitwa Mama Nani. Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, na kwao ilikuwa vivyo hivyo. Lakini mtoto wa Digidigi hakuwa na jina. Alizaliwa masika yakiisha, kiangazi chote kikapita, na mama yake hakuwa amemwita lolote. Majirani wakikutana naye njiani walianza, "Hujambo, Mama…" ulimi ukakwama, wakamalizia, "…nani." Mwanzoni ulikuwa mzaha. Baadaye mzaha ulichakaa, Mama Nani likabaki.

"Unahesabu komwe usiku huu?" Pimbi aliuliza.

"Sihesabu. Natazama kama kimejaa."

"Kimejaa?"

"Bado kidogo."

Kibuyu hicho kilitoka dukani kwa Bwana Kiboko, pale kivukoni. Zamani wanyama walikuwa wakivuka mto kwenda gulioni kununua chumvi kwa Nyani. Kisha Kiboko akafungua duka, akaipa kibuyu kila nyumba iliyotaka. Ukinunua kwake kitu, chochote kile, anakudondoshea komwe. Kibuyu kikijaa, unachukua blanketi jekundu lililotundikwa ukutani nyuma yake, jekundu kama ua la mkrismasi, zito, la kumfunika mtu mpaka masikio. Na alikuwa na wimbo, ambao watoto waliuimba wakiruka kamba:

*Nunua kidogo, dondosha kidogo,*
*kidogo na kidogo haiwi kidogo;*
*kibuyu kikijaa, rafiki wa duka,*
*baridi ya masika haitakushika.*

Ni wimbo mzuri, siwezi kuwaficha. Mdundo wake unaingia miguuni kabla haujafika kichwani, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Pimbi alikaa mkekani. Akamtazama mtoto akipumua.

"Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mlima," alisema.

"Nimeyaona."

"Na sharti la Kiboko unalijua. Mvua ya kwanza ikidondoka, kila kibuyu kinamwagwa, mnaanza upya."

"Nalijua, dada. Ndiyo maana silali."

"Na sharti la wazee wetu unalijua pia. Mtoto ambaye mvua ya kwanza inamkuta hana jina, mvua ndiyo inayomwita. Ataitwa Masika. Tuna akina Masika wengi, na wote ni watu wazuri. Lakini jina la baba yake litabaki bila mwenyewe."

Digidigi akainamisha kichwa. Mume wake alikuwa amefariki masika yaliyopita, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akilitaja jina lake. Akiulizwa, alisema tu "marehemu" au "baba yake huyu".

"Mpe usiku huu," Pimbi alisema. "Mimi nitakuwa shahidi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Digidigi aliivuta shuka, akaziba tundu kwa kiganja. "Baba yake alikufa kwa baridi, dada. Chini ya shuka hii. Alinishika tumbo akasema, mtoto wetu asipate baridi. Nikamwambia hatapata. Sasa nimwite mtoto jina lake, naye amelala chini ya tundu lile lile? Kila nikiita, jina litaniuliza: liko wapi blanketi?"

Kuna maneno ambayo ukiyajibu haraka unayavunja. Pimbi alichota uji uliobaki kwenye sufuria, akaonja.

"Uji huu hauna chumvi."

"Chumvi inaisha upesi siku hizi. Lakini kibuyu kinajaa."

Pimbi akazungusha macho chumbani. Hapakuwa na chumvi, lakini palikuwa na kioo kilichopasuka, kengele ya ng'ombe, na chanuo kubwa lenye meno mapana.

"Mama Nani, hili ni chanuo la simba."

"Ndiyo."

"Wewe una manyoya ya shingoni ya kuchana?"

"Sina. Lakini wiki ile lilikuwa linatoa komwe mara mbili."

Pimbi alilichukua chanuo, akalipitisha kichwani mwake, likapita bila kugusa kitu. Digidigi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza usiku ule, kisha akajifuta macho.

"Sikiliza, mdogo wangu," Pimbi alisema. "Ukinunua ulichokuwa ununue, komwe ni nyongeza. Ukinunua ili upate komwe, nyongeza ni wewe."

"Nimebakiza kidogo tu, dada. Usinikatishe tamaa mlangoni."

Basi Pimbi akamfunika mtoto vizuri, akarudi jabalini. Hakulala.

Asubuhi alishuka dukani. Nyati alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mapana ya mabega yakiziba jua. Shingoni alikuwa amejifunga kijiko cha bati kwa kamba.

"Shikamoo, mjomba Nyati. Kijiko hicho cha nini?"

"Marahaba. Zawadi," Nyati alisema, akakipeperusha kikameta juani. "Kibuyu changu kilifika shingoni mwaka jana. Bwana Kiboko akasema, shingoni si mdomoni, lakini kwa ajili ya urafiki chukua kijiko."

"Nyumbani hukuwa na vijiko?"

"Ninavyo. Lakini hiki ni cha bure."

"Kabla ya kukipata ulinunua nini?"

Nyati akafikiri. "Ndoo. Ndoo nyingine. Kitanda cha mtoto."

"Una mtoto, mjomba?"

"Sina bado," alisema Nyati, akatazama pembeni.

Bwana Kiboko akatokea nyuma ya kaunta, phuuu, akihema. Alikuwa mkubwa, wadogo zangu, mkubwa kiasi kwamba duka lilionekana kama koti alilolivaa. "Bi Pimbi, karibu. Leo umekuja kuchukua kibuyu?"

"Leo chumvi tu."

Kiboko alikamata kibaba, kile kipimo cha mti, akakichovya kwenye gunia. Chwaaa. Na Pimbi, ambaye macho yake yalikuwa sawa na ukingo wa kaunta, aliona jambo ambalo warefu hawalioni. Kiboko alishika kibaba kwa nje kwa vidole, lakini dole lake gumba, nene kama mchi, lilizama ndani. Alipolitoa lilikuwa jeupe, na pale lilipokuwa pakabaki shimo. Upesi akamwaga chumvi kwenye jani, shimo likapotea.

"Na komwe yako hii hapa," alisema kwa sauti tamu. Ko.

Pimbi alimvuta Nyati kando, akamweleza habari ya dole. Nyati alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuna.

"Una wivu," alisema. "Huna hata kijiko."

Hapo Pimbi akatambua kwamba maneno hayatatosha. Mwenye kibuyu kinachokaribia kujaa hasikii. Masikio yake yote yako kibuyuni. Akarudi kaunta.

"Bwana Kiboko, na mimi nafungua duka langu."

"La nini?"

"La majani."

Kiboko akacheka, vyungu vikatikisika rafuni. "Majani? Bi Pimbi, majani yanaota mlangoni kwangu. Nikipiga miayo yananiingia mdomoni."

"Ni kweli. Lakini ya mlangoni kwako hayana zawadi."

Kicheko kikapungua. "Zawadi gani?"

Pimbi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mkia."

Lazima niwaambie kitu kuhusu Kiboko. Mwili ule wote, ukubwa ule wote, na mkia wake ni kipande kama ulimi wa kengele. Nzi wakimtua mgongoni anawatikisia mkia, nao wanaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele yake. Alikuwa akikaa ameegemea ukuta, mwaka mzima, ili usionekane.

"Mkia wa nani?" aliuliza polepole.

"Bwana Kiboko, umewahi kuniona na mkia?"

"Sijawahi."

"Wanyama wote wana mikia. Basi unadhani wangu uko wapi?"

Kiboko alikunja paji la uso. Fikra ilipita ndani yake polepole kama gogo mtoni. "Umeuweka," alisema mwishowe.

Pimbi akanyamaza.

"Umeuweka mahali salama," Kiboko aliendelea, macho yakimng'aa. "Mrefu. Ndiyo maana huuvai. Ungeuchafua juu ya majabali."

"Bwana Kiboko, wewe unajua mambo."

Mnaona, mwerevu hana haja ya kusema uongo mwingi. Anauanza tu, mwenye tamaa anaumalizia mwenyewe, tena kwa ufundi.

Masharti yakawa haya. Kila tita la majani, Kiboko atalipa kwa chumvi, na Pimbi ataipima mwenyewe kwa kibaba chake. Kila tita, kijiwe cheupe kitadondoka kwenye kibuyu cha Kiboko. Kibuyu kikijaa, mkia. Mvua ya kwanza ikidondoka, kibuyu kinamwagwa.

"Sharti hilo la mvua umeliiba kwangu," Kiboko alisema.

"Nimelisifu kwa kulifuata."

Basi kila alfajiri Pimbi alishuka ukingoni na mundu wake mdogo, hafu hafu hafu, akakata majani mlangoni kwa Kiboko, akayafunga tita, akamuuzia mwenye mlango. Katikati ya kila tita alikuwa akiweka jiwe. Siku nyingine jiwe dogo, siku nyingine jiwe lenye heshima zake.

Na Kiboko alinunua. Mwanzoni tita moja, na usiku akatoka kula bure kama kawaida yake. Kisha akaona kwamba majani ya bure hayadondoshi kitu, yanaishia tumboni tu, akaona ni hasara. Akaacha kula ya bure. Akanunua asubuhi, akanunua mchana. Ka, ka, vijiwe vikadondoka.

"Matita haya ni mazito lakini hayashibishi," alilalamika siku moja. Mashavu yake yalikuwa yamelegea.

"Una njaa?" Pimbi aliuliza.

"Nina njaa. Lakini kibuyu kinajaa."

Pimbi akageuka upande, maana maneno hayo alikuwa ameyasikia mahali pengine, mbele ya sufuria ya uji, na hayakumchekesha. Kidogo alimhurumia. Akachagua jiwe dogo siku ile.

Mawingu yakashuka mlimani. Upepo ukaanza kunuka udongo. Dukani palijaa watu wakinunua: Nyati alikuwa na ndoo ya tatu, wengine walibeba mitungi, mikanda, kofia za wakwe wasiokuwa nao. Kila mmoja alipeleka kibuyu kaunta, na kila mmoja aliambiwa neno lilelile.

"Tikisa kwanza," alisema Bwana Kiboko.

Wakatikisa. Chaka chaka chaka. Komwe zikajipanga, zikashuka, pakabaki nafasi.

"Mnaona? Bado kidogo."

Siku ambayo mbingu iligeuka rangi ya sufuria, Digidigi alikuja, mtoto mgongoni, kibuyu mkono mmoja, na mkono mwingine shuka iliyokunjwa vizuri. Ngurumo ikapita mbali, ngrrr, kama mtu anayesogeza kabati.

"Bwana Kiboko," alisema, "sina kitu kingine. Nina shuka hii. Nipe chochote cha thamani yake, chochote, unidondoshee komwe zake."

Pimbi alikuwa nje, karibu na matita yake. Aliiona shuka juu ya kaunta. Kiboko aliishika kwa ncha ya kidole, akaiinua kwenye mwanga.

"Ina tundu."

"Najua."

"Tundu linapunguza."

"Punguza, lakini nidondoshee. Nimebakiza kidogo tu."

Pimbi akapanda juu ya matita, akakaza koo lake dogo. Sauti ya pimbi, wadogo zangu, ikitaka kusikika inasikika.

"Kwa mteja wangu mpenzi," aliita, "mvua iko njiani. Kibuyu chako kimefika shingoni. Ikidondoka, kinamwagwa."

Kiboko aliiacha shuka ikaanguka kaunta. Alikamata gunia zima la chumvi, akatoka mbio, du du du, kaunta ikahama mahali pake. Watu wote wakatoka nyuma yake kuona kitu gani kinamfanya Kiboko akimbie. Digidigi akaichukua shuka yake, akatoka pia.

"Nipe matita," Kiboko alihema. "Yote yaliyobaki."

Pimbi akapima chumvi kwa kibaba chake, polepole, kibaba juu ya kibaba, akiweka kwenye kapu lake, na kila tita akadondosha kijiwe. Ka. Ka. Ka. Vikapanda, vikafika mdomoni mwa kibuyu. Kiboko aliunyoosha mkono.

"Kimejaa. Lete."

"Tikisa kwanza," alisema Pimbi.

Kiboko akatikisa. Chaka chaka. Vijiwe vikajipanga, vikashuka. Pakabaki nafasi.

"Unaona? Bado kidogo," alisema Pimbi kwa upole. "Na matita yameisha leo. Kesho, kama haikunyesha."

Kiboko alilitazama tita lililokuwa mbele yake. Alikuwa na njaa ya siku nyingi. Akalipasua kwa meno, kakk, akauma jiwe. Akalitema. Akapasua lingine, jiwe. Akaketi chini, kwa mara ya kwanza akasahau kuegemea ukuta.

"Hii si haki," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Majani yenyewe umeyakata mlangoni kwangu. Nilikuwa nayala bure, tena nikashiba. Unaweka jiwe ndani ili nisipate kipimo changu. Kila nikifika unaniambia nitikise. Na sasa mvua ikidondoka nianze upya? Nani amewahi kuona biashara kama hii?"

Hakuna aliyecheka. Upepo ulipita kati yao.

"Mimi," alisema Digidigi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Mimi nimeiona."

Nyati aliinamisha kichwa, akakitazama kijiko kifuani mwake, akakitazama tena, kama mtu anayesoma. Kisha akazitazama ndoo zake.

"Onyesha dole lako, Bwana Kiboko," Pimbi alisema.

Kiboko alilificha mgongoni. Lakini Nyati alikuwa amekwishasogea, na Nyati akisogea hubaki nafasi ndogo ya kuficha vitu. Dole likatoka. Lilikuwa jeupe mpaka kwenye fundo, chumvi ya watu imekauka juu yake.

"Basi ndiyo maana," mmoja alisema nyuma. "Ndiyo maana uji wetu."

"Tunataka blanketi," alisema Nyati. Akaingia dukani kwa pembe, akalichomoa ukutani lile blanketi jekundu, akalitoa nje, akalikung'uta, puu. Vumbi likapaa. Mbele lilikuwa jekundu na zuri. Nyuma mchwa walikuwa wamelila mpaka likawa kama wavu, na katikati lilishikana kwa huruma tu. Lilipofika chini lilikuwa limeachana. Kilichobaki kizima kilikuwa kipande cha ukubwa wa viganja viwili.

"Sikujua," alisema Kiboko. "Sikuwahi kulishusha." Akageuka kuutazama ukuta wa duka. "Sikudhani ningelishusha."

Digidigi alitazama kile kipande chekundu mavumbini. Kiangazi chote kilikuwa pale: uji wote usio na chumvi, chanuo la simba, usiku wote wa kumwaga na kurudisha. Akaketi juu ya jiwe la tita.

"Nilimwahidi," alimwambia Pimbi. "Nilimwahidi hatapata baridi."

"Mtoto amepata baridi?" Pimbi aliuliza.

Digidigi akamshusha mgongoni. Mtoto alikuwa na joto kama mkate, amelala, mdomo wazi, jasho kidogo puani.

"Kiangazi chote umembeba," Pimbi alisema. "Tundu la shuka umeliziba kwa kiganja chako kila usiku, nimekuona. Baba yake hakusema asikose blanketi. Alisema asipate baridi. Ahadi yako umeshaitimiza, mdogo wangu. Kilichobaki ni jina."

Digidigi akaanza kulia, na safari hii hakujifuta.

Kisha Kiboko akakohoa. "Bi Pimbi. Samahani. Na mkia?"

Pimbi akageuka, akamwonyesha mgongo wake wote mviringo, mpaka mwisho, mahali palipo laini kama kiazi.

"Ungekuwepo, si ningeuvaa?"

Hapo ndipo walipocheka, wote, Digidigi pia ndani ya machozi, na mwisho Kiboko mwenyewe, phu, phu, phu, mpaka kimkia chake kikapiga mgongo wake bila yeye kujali.

"Huo wako unakutosha," Pimbi alimwambia.

"Haufiki kwa nzi."

"Basi nitakuja mimi kukufukuzia. Bila kijiwe."

Kapu la chumvi lilikuwa katikati yao, limejaa hadi juu. Pimbi alilisukuma mbele ya Kiboko. "Hii ni ya dole lako. Irudishe kwa mkono wako."

Kiboko akainamia kwanza kile kipande cha blanketi. Akakipangusa vumbi, akakitandaza juu ya tundu la shuka ya Digidigi. Pimbi akatoa sindano na uzi kwenye kiuno chake, chomo, chomo, chomo, kikashika. Digidigi akamzungushia mtoto shuka ile, chekundu kikakaa juu ya moyo.

Neno langu kwenu, wadogo zangu, ni moja, na nalisema sasa kabla tone la mvua halijafika chini: zawadi unayoilipia kidogo kidogo si zawadi, ni bei iliyovaa nguo ya sikukuu.

Mbingu ikanguruma, sasa juu yao. Kiboko alikamata kibaba cha Pimbi, akachota. Kwa mara ya kwanza dole lake lilikaa nje, limesimama peke yake hewani, halijui pa kwenda. Kibaba kilijaa mpaka kikafanya kilima. Akatazama nani apokee wa kwanza, macho yake yakatua kwa aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Karibu, Mama…" alianza, na ulimi ukakwama, kama ulivyokuwa ukikwama kwa kila mtu. Lakini hakumalizia kama wengine walivyozoea kumalizia. Alisimama na kibaba chake mkononi, akasubiri. "Nisaidie," alisema. "Mama nani?"

Digidigi aliinama sikioni kwa mwanawe, akanong'ona, wawili tu wakasikia. Mtoto akafumbua macho. Kisha mama akainua uso mbele yao wote, na mvua ilikuwa bado haijadondoka.

"Mama Chande," alisema.